Nadhiri ya Fundi Herufi

Mume wangu alimwahidi Mungu kitu ambacho hakuwa nacho, tena mbele ya mchungaji, mbele yangu, na mbele ya muuguzi aliyekuja kupima presha.

Ilikuwa asubuhi ya kupasuliwa jicho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, la kulia zaidi, na kwa mwaka mzima alitembea akipapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Daktari alisema wataanza na hilo la kulia. Mchungaji akaja kutuombea, na alipomaliza, mume wangu akamng'ang'ania mkono.

"Bwana akinirudishia macho, mchungaji, nitasimama mbele ya kanisa nisome Neno lake. Mimi mwenyewe. Kwa macho haya haya."

Mchungaji akasema amina. Muuguzi naye akasema amina, ingawa hakuna aliyemwuliza. Mimi nilibaki nimekumbatia chupa ya chai, kwa sababu mume wangu hajui kusoma.

Utasema haiwezekani, kwa kuwa kazi yake ni kuandika. Nusu ya mabango ya mtaa wetu yametoka mkononi mwake: vinyozi, mafundi simu, shule ya chekechea, duka la dawa. Watu wanamwita Fundi Herufi, hata watoto wetu waliulizwa shuleni kama ni watoto wa Fundi Herufi. Lakini shule aliiacha darasa la pili, baba yake alipofariki, akapelekwa kwa mjomba wake mchora mabango akajifunze kazi. Mjomba hakumfundisha kusoma, na mimi nadhani hakumfundisha kwa kuwa na yeye hakujua. Alimfundisha maumbo. A ni ngazi. O ni yai. S ni nyoka, J ni ndoana, M ni milima. Mteja analeta karatasi, fundi anapima ubao kwa rula, anapiga mstari kwa uzi wa chaki, anachora ngazi, yai, nyoka, mpaka karatasi inaisha. Na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuruka herufi hata moja. Wanaojua kusoma ndio hukosea, maana huandika wanachofikiri. Yeye aliandika alichokiona.

Hapo ndipo nilipomgundua, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Nilimpelekea chakula cha mchana nikakuta bango la duka la viatu limekauka, limeegemezwa ukutani, kazi safi kabisa. Liliandikwa: VIATU IMARA BEI NAFUU. Chini yake, kwa herufi hizo hizo nzuri: TAFADHALI NYEKUNDU IWE YA KUIVA NA JINA LANGU USILIWEKE CHINI SANA.

Nilicheka mpaka nikakaa. "Umeandika mpaka maagizo ya mteja!"

Aliligeukia bango, akanigeukia mimi, akaligeukia bango tena. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa hivyo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutwa bila nguo. Nikaona kila kitu kwa mara moja, barua alizoniachia mezani "zikingoja nafasi", miwani aliyokuwa akiisahau kila penye fomu, na nikaogopa kuliko yeye.

"Aa, nimeelewa," nikasema. "Ni utani. Watu watasimama wasome. Una akili wewe."

Basi bango likapandishwa hivyo hivyo, watu wakasimama, wakacheka, viatu vikanunuliwa, na mwenye duka aliyekuja amevimba kwa hasira akaondoka anajisifu kwamba fundi wake ana ubunifu. Mume wangu akapata jina kwa kosa ambalo hakujua amelifanya. Na mimi tangu siku hiyo nikawa msomaji wa nyumba. Nilisoma kwa sauti barua, matangazo, risiti za maji, maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Majirani walidhani nina kichaa kidogo. Watoto wakileta ripoti za shule, yeye alizishika, akazitazama kwa makini, akasema, "Sawa, lakini ongeza bidii." Binti yetu mkubwa aliambiwa aongeze bidii siku aliyokuwa wa kwanza darasa zima, akalia hadi akalala. Nilitaka kumwambia baba yake, nikashindwa. Ningemwambiaje bila kumwambia na lile lingine?

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na moja. Yeye alinificha, nami nilimficha kwamba nimeshajua. Usinifundishe kuhusu uwazi katika ndoa, najua.

Sasa turudi kwenye jicho. Upasuaji ulikwenda vizuri. Walipomtoa kitambaa kesho yake alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka," nami nikampiga kofi la bega huku machozi yananitoka. Kwa siku mbili alikuwa mtu wa kuangalia tu. Aliangalia kucha zake, mchwa dirishani, nyuzi za shuka. Kila kitu alimshukuru Mungu kwacho, mpaka mchwa. Siku ya tatu mchungaji akaja na uso wa mtu anayeleta zawadi.

"Mzee wangu, nimekutengea Jumapili ya wiki ya tatu. Ibada ya shukrani. Nimekuchagulia na somo lenyewe, wale wagonjwa kumi walioponywa, akarudi mmoja tu kushukuru. Utalisoma wewe."

"Amina," akasema mume wangu. Sauti haikuwa yake.

Kuanzia hapo nyumba yetu haikukalika. Alianza kwa kutafuta mlango wa kutokea. Alisema jicho linawasha. Tulipokwenda kliniki alimwuliza daktari, mimi nipo, kama kusoma hakuwezi kuharibu kazi iliyofanywa. Daktari, kijana mchangamfu, akasema, "Soma, mzee, soma mpaka uchoke! Ndiyo maana tumekupasua!" Mume wangu akamshukuru kama mtu aliyesomewa hukumu.

Halafu akaniomba nimsomee lile somo. "Nisikie linavyokwenda," akasema. Nikasoma. Jioni nyingine tena. Jioni ya tatu nikaona midomo yake inanifuata, nikaelewa kwamba analikariri. Namjua mume wangu, kichwa chake hakivuji. Mteja akimwambia vipimo vya ubao leo, atavikumbuka mwakani. Wiki haikuisha akawa analijua lote, mstari kwa mstari, na mimi nikashusha pumzi. Nikajiambia, hilo limekwisha. Atafungua Kitabu, atatazama chini, atasema anayoyajua, watu watasema amina, twende tukale.

Lakini hakuwa anakula. Shati lilianza kumpwaya. Alikosea kupiga mstari wa chaki, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue, na bango la kinyozi likatoka limeinama. Nikimwuliza ana nini anasema ni dawa za macho. Na mimi hofu yake ikaniambukiza. Nilikuwa nikisikia jina lake likitajwa kwenye kikundi cha akina mama, kwamba siku hiyo tutamsikia Fundi Herufi akisoma. Niliwaza, akisahau neno moja katikati? Akifungua ukurasa usio wenyewe, na mchungaji yuko pembeni anatazama? Nani atampa tena kazi ya kuandika mtu ambaye mji mzima umejua hajui alichoandika? Nikaona tutachekwa mpaka makaburini.

Jumamosi, siku nane kabla ya ibada, nilimkuta karakanani amekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, brashi kavu mkononi.

"Mama watoto," akasema bila kuniangalia, "mtu akikuletea zawadi, imefungwa vizuri, ukifungua ndani hamna kitu. Utamwambia ahsante?"

"Inategemea ni nani."

"Ni mimi. Mimi sijui kusoma."

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo miaka thelathini na moja, na bado nikalijibu vibaya.

"Najua," nikasema.

"Unajua nini?"

"Najua hujui. Tangu bango la viatu."

Nilidhani atalia, au atacheka. Alikasirika. Alisimama mpaka kopo likabingirika. "Miaka yote hiyo unanitazama nikishika gazeti? Unanitazama tu? Unanionea huruma kama kuku mgonjwa?"

"Na mimi je?" Hasira nami ninazo, sikukopa. "Nani amesoma mpaka pakiti za sabuni kwa sauti? Unadhani nilikuwa napenda? Mtoto amekuwa wa kwanza unamwambia aongeze bidii, nani alimbembeleza?"

"Alikuwa wa kwanza?" akauliza. Nikatamani ardhi ipasuke. Akakaa chini sakafuni kwenye vumbi la msasa, mtu wa miaka sitini na mbili, akafunika uso kwa mikono yenye rangi. Nikakaa karibu naye.

Baadaye nikamwambia asijisumbue. Somo analijua lote kwa kichwa. Mungu anaelewa.

"Anaelewa, ndiyo," akasema. "Lakini mimi sikumwambia nitakariri. Nilimwambia nitasoma kwa macho. Macho kanipa. Sasa nimfanyie mazingaombwe mbele ya madhabahu?"

"Kwani wakati unaahidi ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa naogopa. Nikatafuta kitu kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho nilichokiona." Kisha akasema, "Wale tisa hawakuwa watu wabaya, unajua. Labda na wao walikuwa wameahidi makubwa, wakaogopa kurudi mikono mitupu."

Siku nane. Hata mtoto mwenye akili hajifunzi kusoma siku nane. Tukakubaliana mstari mmoja, ule wa mgonjwa anayerudi. Niliuandika kwa chaki kwenye ubao wa kazi, kwa herufi kubwa alizozizoea, na kila alasiri karakana ilifungwa mlango nusu. Nilikuta hana shida ya kuzijua herufi, anazijua kuliko mimi, anaweza kukuambia ipi ina tumbo na ipi ina bega. Alichokosa ni kujua kwamba zina sauti. Nyoka anafanya sss. Milima inafanya mmm. Siku ya kwanza alipounganisha milima na ngazi akasikia "ma" ikitoka kinywani mwake, aliruka nyuma kana kwamba ubao umemjibu. Akairudia mara ishirini. Tulicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu hospitali.

Jumanne alipata maneno mawili. Jumatano alipoteza moja. Alhamisi alisoma mstari wote, jasho linamtiririka, kidole kinafuata chaki, nami nikapiga kigelegele nusu, nikakizuia kwa kiganja, jirani asije kuuliza.

Ijumaa nikaleta Kitabu chenyewe. Nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha mstari. Alitazama. Akasogeza karibu, akasogeza mbali. Nikaona uso unampauka.

"Hawa ni nani?" akauliza.

Tulikuwa wapumbavu wawili. Mabango huandikwa kwa herufi kubwa, na mimi nilimwandikia kubwa wiki nzima, wakati Kitabu kimechapwa kwa herufi ndogo. Ngazi yake haikuwa ngazi tena, ilikuwa kitu kama tone lenye mkia. Milima ilikuwa imekwisha, imekuwa vilima vya mviringo. Zilizobaki na sura zao za zamani zilihesabika. Alikuwa amejifunza kusoma ubao wangu tu, na ubao wangu haungekwenda kanisani.

Nilisema niende kwa mchungaji nimwambie mume wangu ana homa. "Nenda," akasema, "lakini mimi Jumapili nitakuwepo." Akachukua brashi, akaanza kuzichora zile ndogo, moja chini ya kubwa yake, kama alivyofundishwa na mjomba wake. Hakuondoka pale mpaka tapentaini ya kuoshea brashi ikaisha. Jumamosi jioni alikuwa anasoma maneno manne kati ya yote, wakati mwingine matano. Kwa hayo tukaenda kulala. Niseme tulilala? Tulijilaza.

Nami nilikuwa nimepanga langu bila kumwambia. Nilimwendea kiongozi wa kwaya, mama mmoja msiri, nikamwambia mume wangu bado jicho halijatulia, nikiinua leso yangu nyeupe basi aanzishe wimbo, wowote, kwa nguvu. Akasema usijali dada. Nilikaa benchi la pili leso imelowa jasho kabla hata ibada haijaanza.

Kanisa lilijaa. Wateja wake wote walikuwepo, mwenye duka la viatu yuko mbele na tai. Mchungaji akaeleza habari za jicho, watu wakapiga makofi, akamwita. Mume wangu akapanda, shati lile linalompwaya, akafungua Kitabu mahali nilipoweka karatasi, akaanza.

Akaanza kwa ufasaha. Maneno yalitoka mazuri, yamenyooka, kwa ile sauti yake nzito, wagonjwa kumi wamesimama mbali wanapaza sauti, na watu wakatikisa vichwa. Nilielewa anafanya nini. Hofu imemshinda, anakariri. Nilimshukuru Mungu, nisidanganye, nilishukuru kwa moyo wote, na papo hapo nikajisikia vibaya kama mtu aliyekula chakula cha mgeni.

Akafika kwenye mstari wetu, akainua uso kututazama.

"Hayo," akasema, "sikuyasoma. Hayo mke wangu alinisomea nikayashika kichwani. Ndugu zangu, mimi sijui kusoma. Mabango yenu yote nimeyachora, sikuyasoma hata moja."

Kulikuwa na mguno. Mtu akacheka nyuma. Mwenye duka la viatu akasema kwa sauti, "Kumbe!" akaziba mdomo. Mimi nilitazama sakafu, masikio yanawaka.

"Lakini nilimwahidi Mungu nitasoma. Ninao mstari mmoja. Mnivumilie."

Akaweka kidole kwenye karatasi. Neno la kwanza likatoka kipande kipande. La pili. Kwa kila moja alivuta pumzi kama anayepanda mlima na gunia. La tatu alilikosea, akarudi, akalipata. Mtoto mchanga alilia akatolewa nje. Akaendelea mpaka akafika kwenye neno refu la mstari ule, "akimtukuza", akakwama.

Akajaribu mwanzo wake. Kidole hakisogei. Nilihesabu pumzi zangu mpaka nikasahau idadi. Viatu vikaanza kusuguliwa sakafuni, mtu akakohoa, mchungaji akasogea hatua moja akasita. Kiongozi wa kwaya akanitumbulia macho. Leso ilikuwa mkononi mwangu. Nilichotakiwa ni kuinua mkono tu.

Ndipo nikakumbuka kwamba neno hilo analijua. Alikuwa amelisema kwa kichwa mara mia jikoni kwangu, analijua lilipo na linalofuata. Angeweza kulitamka pale pale, nani angejua? Lilikuwa pale, kwenye ulimi, na alikuwa analizuia. Alilikataa. Alikuwa anangoja mpaka macho yake yalilete.

Nikaikalia ile leso.

Sijui ilichukua muda gani. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "A," akasema. "A-ki." Kidole kikasogea. "A-ki-m." Jasho likadondoka ukurasani, akalipangusa kwa kiganja. "Tu." Nyuma yangu bibi mmoja alikuwa ananong'ona, taratibu baba, taratibu. "Ku." Halafu akainua uso, macho mekundu, akalisema lote kwa mara moja kama mtu aliyekuta mtoto wake sokoni. Akamalizia maneno yaliyobaki mpaka kwenye nukta.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani watu hawakujua kama inafaa. Mume wangu alifunga Kitabu, akakiweka mezani kwa mikono miwili, na hakutugeukia sisi. Aliinua kichwa kuelekea juu.

"Ni huo mmoja, Bwana," akasema. "Mingine naileta."